Haapsalu kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Mji Mdogo wa Estonia Uliolishwa na Wageni

Watu wengi wakifika Estonia huishia Tallinn. Wanapiga picha minara, wanakula, wanarudi kwenye meli ya Helsinki. Siwalaumu, Tallinn inavutia. Lakini anayetaka kuielewa historia ya nchi hii bila kuzunguka makumbusho kumi, namshauri apande basi kwenda Haapsalu, mji wa watu wapatao elfu kumi kwenye pwani ya magharibi, kama kilomita 100 kutoka mji mkuu.

Haapsalu haukutajirika kwa bandari, maana ghuba yake haina kina. Kilichoulisha ni wageni. Alianza askofu wa vita vya msalaba, akafuata kabaila wa Uswidi, kisha wagonjwa wa viungo kutoka St. Petersburg, familia ya mfalme wa Urusi, marubani wa Kisovieti, na sasa watalii. Wengine walikaribishwa, wengine waliingia kwa mabavu, lakini karibu kila mmoja aliacha jengo nyuma yake, na majengo hayo yote unaweza kuyafikia kwa miguu au kwa baiskeli. Vitabu vya utalii hukupeleka ngomeni kwanza. Mimi nakushauri uanzie stesheni, uingie mjini ukirudi nyuma kimiaka hadi kwa maaskofu, ndipo ushuke baharini. Ukiifuata njia hiyo, kila jengo litakuambia kwa nini lililofuata lilijengwa.

Kabla ya kufunga mzigo

Estonia iko katika Umoja wa Ulaya tangu 2004, eneo la Schengen tangu 2007, na hutumia yuro tangu 2011. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usilipeleke zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Bima ya afya ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Estonia haina ubalozi kila mahali Afrika, na mara nyingi nchi nyingine ya Schengen hushughulikia maombi kwa niaba yake, kwa hiyo uliza mapema ni ipi katika nchi unayoishi. Kama una kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, mathalani Ufini, Uswidi au Ujerumani, huhitaji viza nyingine kwa ziara isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Beba pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, si kadi peke yake.

Kutoka Helsinki, feri hufika Tallinn kwa saa 2 au zaidi kidogo. Mabasi ya Haapsalu ni ya mara kwa mara, na safari huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili. Siku moja inatosha kwa mji wenyewe. Ukiongeza usiku mmoja utapata nafasi ya viunga vyake na ya tope, ambalo halipendi mtu mwenye haraka.

Kuhusu majira, Juni na Julai jua huzama usiku umeshaingia, na unaweza kutembea saa nne za usiku bila tochi. Usitarajie joto la Mombasa, nyuzi 20 hivi ndiyo kawaida, na upepo wa baharini hauna huruma, kwa hiyo koti jepesi lisikose. Agosti ina mwezi mpevu ambao mji mzima huusubiri, na sababu yake nitaifikia. Desemba mwanga wa mchana ni kama saa 6 tu, na nje ya kiangazi makumbusho mengi hufupisha saa au hufunga baadhi ya siku, aghalabu Jumatatu. Angalia ratiba kabla ya kukata tiketi ya basi.

Hatua ya 1: Shuka kwenye stesheni isiyo na treni

Basi litakushusha kando ya stesheni ya zamani ya reli. Usikimbilie mjini. Zunguka upande wa pili utazame jukwaa. Ni jukwaa refu lililoezekwa mwanzo hadi mwisho, kama mita 216, paa limebebwa na nguzo za mbao zilizochongwa na kupakwa rangi. Lilipojengwa, lilihesabiwa kuwa miongoni mwa majukwaa marefu kabisa yenye paa barani Ulaya. Kwa mji wa ukubwa huu hilo ni jambo la ajabu, mpaka ujue lilijengwa kwa ajili ya nani.

Reli kutoka Keila, mji ulio karibu na Tallinn, ilifunguliwa mwaka 1905, na jengo la stesheni likakamilika 1907 kwa michoro ya Karl Verheim. Wakati huo Estonia ilikuwa sehemu ya dola la Urusi, na Haapsalu ulikuwa mji wa mapumziko wa watu wakubwa wa St. Petersburg. Paa lilirefushwa kiasi hicho ili familia ya mfalme na msafara wake washuke kwenye mabehewa bila kulowa mvua. Upande mmoja wa jengo kuna banda lililotengwa kwa ajili ya mfalme peke yake, na ukiliona utakubali kwamba mafundi hawakubana matumizi.

Treni za abiria zilikoma mwaka 1995, na miaka michache baadaye hata reli zenyewe ziling'olewa. Tangu 1997 jengo ni makumbusho ya reli na mawasiliano, na nje yameegeshwa magarimoshi ya zamani ambayo watoto hupenda kuyapanda. Hata usipokata tiketi, tembea jukwaa lote. Ni bure, na ndipo utakapoelewa kwamba mji huu ulikuwa tayari kutumia fedha nyingi mno ili mgeni asikunje uso.

Lile tuta la reli nalo halikuachwa likaota magugu. Limegeuzwa njia ya baiskeli na ya watembea kwa miguu, upande mmoja kuelekea Riisipere, upande wa pili kuelekea bandari ya Rohuküla. Likumbuke, tutalihitaji siku ya pili.

Hatua ya 2: Ingia mjini kwa mwendo wa taratibu

Kutoka stesheni hadi ngome ni mwendo wa robo saa au dakika 20 hivi. Shika barabara ya Posti, yenye maduka, kisha pinda kuelekea Karja. Kadiri unavyosogea, barabara zinakuwa nyembamba na nyumba zinashuka kimo. Nyingi ni za mbao, za ghorofa moja au mbili, zimepakwa rangi za njano, kijani na samawati, na veranda za vioo zimetokeza mbele. Veranda hizo zina historia yake pia. Wenye nyumba walikuwa wakipangisha vyumba kwa wageni wa kiangazi, na mgeni wa hadhi alitaka mahali pa kunywea chai bila kupigwa na upepo.

Pita Rootsi turg, kiwanja kidogo kilichokuwa soko, ulione kanisa la Mtakatifu Yohana. Ni dogo na halina majivuno. Lilianza kama ghala, likageuzwa kanisa katika karne ya 16. Likumbuke jina lake, kwa sababu litarudi kwenye kisa cha kanisa kuu.

Ukiwa na watoto, nenda Iloni Imedemaa katika barabara ya Kooli. Ilon Wikland, mchoraji wa vitabu vya Astrid Lindgren, mwandishi Mswidi wa hadithi za watoto, alizaliwa Tartu mwaka 1930 na utotoni alilelewa Haapsalu kwa babu na bibi yake. Mwaka 1944, jeshi la Kisovieti liliporudi, alikimbilia Uswidi akiwa binti mdogo. Michoro iliyojulikana na watoto wa Ulaya nzima ina nyumba za mbao na vichochoro vya mji huu ndani yake. Kituo kilichopewa jina lake kilifunguliwa 2009. Watoto huchora, huruka, hupika. Mtu mzima asiye na mtoto atamaliza haraka.

Hatua ya 3: Ngome ya askofu

Sasa tulia, hapa pana mengi.

Mwanzoni mwa karne ya 13, wapiganaji wa msalaba waliokuja kutoka nchi za Kijerumani na kwingineko waliwateka watu wa Estonia na kuwabatiza kwa upanga. Mwaka 1228 ikaundwa dayosisi ya Saare-Lääne, iliyojumuisha visiwa na pwani hii ya magharibi. Askofu hakuwa mchungaji wa roho tu. Alikuwa mtawala mwenye ardhi, askari na kodi zake. Makao yake yalihamahama. Yalianza Lihula, yakaenda Pärnu ya Kale, na Walithuania walipoichoma Pärnu ya Kale mwaka 1263, askofu alitafuta mahali pagumu zaidi kufikika. Akaichagua Haapsalu, ambayo ghuba za kina kifupi ziliizunguka na kuilinda. Mwaka 1279 Askofu Hermann wa Buxhoeveden aliupa haki za mji.

Ukiingia langoni, simama kwanza katikati ya uwanja wenye nyasi, uzungushe macho. Ukuta unaokuzunguka una urefu wa zaidi ya mita 800, unene kati ya mita 1.2 na 1.8, na mahali pengine unapita mita 10 kwenda juu. Haukujengwa kwa mara moja. Ujenzi uliendelea hadi karne ya 16, na bunduki na mizinga ilipoingia vitani, kuta ziliongezwa na matundu yakabadilishwa. Mawe ni ya chokaa, yale yale unayoyaona Estonia yote ya kaskazini na magharibi. Mnara wa ulinzi unaosimama juu ya ngome ndogo una mita 29. Panda. Ngazi ni nyembamba, na mwenye magoti mabovu afikirie mara mbili, lakini ukifika juu utaona jinsi bahari ilivyoukumbatia mji pande karibu zote, na hutahitaji maelezo zaidi kwa nini askofu alipachagua.

Kanisa kuu limeunganishwa na ngome yenyewe, kwa sababu liliingizwa katika mpango wa ulinzi. Madirisha yako juu, kuta ni nene. Ndani hakuna safu za nguzo katikati. Ni ukumbi mmoja mtupu wa meta za mraba 425, wenye kuta za kimo cha mita 15.5, na hutajwa kuwa kanisa kubwa kuliko yote ya aina hiyo katika nchi za Baltiki. Zungumza kwa sauti ya kawaida uisikilize sauti yako inavyokawia hewani. Ukikuta tamasha la kwaya, lipa uingie bila kujadiliana na pochi.

Katika karne ya 14 askofu mwenyewe alihamishia makao yake makuu Kuressaare, kisiwani Saaremaa, lakini baraza la makasisi wa kanisa kuu lilibaki hapa. Ndiyo maana Kuressaare ina ngome kubwa na Haapsalu ina kanisa kuu. Watalii wengi huuliza kwa nini dayosisi moja ina vitu viwili hivyo sehemu mbili tofauti, na jibu ni hilo tu.

Kisha vikaja vita vya Livonia, jina la zamani la nchi hizi za Estonia na Latvia. Mwaka 1559 askofu wa mwisho mwenye nguvu, Johannes von Münchhausen, alipoona Warusi wanakaribia, aliiuza dayosisi yake yote kwa mfalme wa Denmark. Aliuza makanisa, ngome, ardhi na watu waliomo. Mfalme akampa ndugu yake Magnus. Waswidi wakaiteka Haapsalu 1563, Warusi wakaichukua 1576, Waswidi wakairudisha 1581. Kila aliyepita alibomoa kipande.

Mwaka 1628 mfalme wa Uswidi aliuza mji na ngome kwa Kabaila Jakob De la Gardie, ambaye alitaka kuyageuza magofu kuwa kasri la kifahari na akamwita mjenzi Arent Passer. Kasri halikumalizika kama lilivyokusudiwa. Mwaka 1688 moto uliteketeza paa la kanisa. Vita vya Kaskazini, kati ya Uswidi na Urusi, vilipoiingiza nchi mikononi mwa Urusi mwaka 1710, Peter wa Kwanza aliamuru kuta zibomolewe kiasi, zisije zikamfaa adui. Na mwaka 1726 dhoruba ikaling'oa paa la kanisa kwa mara nyingine. Waumini waliobaki walikuwa wachache mno kumudu ukarabati, wakahamia kanisa la mjini, lile la Mtakatifu Yohana lililokuwa ghala. Kanisa kuu likakaa wazi kwa mvua zaidi ya miaka 150, mpaka lilipokarabatiwa kati ya 1886 na 1889.

Misukosuko haikuishia hapo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, utawala wa Kisovieti uliligeuza ghala la nafaka, na kulikuwa na wazo la kuchimba bwawa la kuogelea ndani yake. Fikiria hilo ukiwa umesimama pale katikati. Baadaye likawa ukumbi wa muziki, na mwaka 1990 likarudi kuwa kanisa. Makumbusho ya ngome yalifunguliwa upya 2019 baada ya ukarabati mkubwa, na kwa maoni yangu yamefanywa kwa adabu, maana magofu yameachwa yawe magofu, na vya kisasa vimetengenezwa kwa vioo na chuma ili usidanganyike ni kipi cha zamani.

Jipe saa mbili hapa, au tatu ukiwa mtu wa kusoma vibao vyote.

Hatua ya 4: Mngojee Bibi wa Nguo Nyeupe, ukiwa umekuja Agosti

Kando ya kanisa kuu kuna kikanisa cha mviringo cha ubatizo. Wakati wa mwezi mpevu wa Agosti, mwanga wa mwezi hupenya madirishani kwa namna inayochora umbo kama la mwanamke mwenye kanzu nyeupe. Wenyeji humwita Valge Daam.

Kisa chenyewe husimuliwa hivi. Wanawake walikatazwa kukanyaga ngome. Kasisi mmoja wa baraza alimpenda msichana Mestonia, akamwingiza kwa siri akiwa amevaa kama kijana wa kwaya. Alikaa humo muda mrefu, mpaka askofu alipokuja ziara na sauti ya yule kijana ikamtia shaka. Ukweli ulipojulikana, kasisi alitupwa gerezani akafa kwa njaa, na msichana akajengewa ukutani akiwa hai, kwenye kikanisa kilichokuwa kinajengwa, akapewa kipande cha mkate na kikombe cha maji. Tangu hapo hujitokeza dirishani.

Tangu mwaka 1979, mji ulipotimiza miaka 700, siku za Valge Daam huadhimishwa kila Agosti kwa mchezo wa kuigiza unaochezwa usiku uwanjani kwenye ngome. Mchezo ni wa Kiestonia, lakini ukishakijua kisa hupotei. Vyumba hujaa wiki hiyo, weka nafasi miezi kadhaa kabla. Ukiikosa sherehe, usiku wowote wa mwezi mpevu ule simama upande wa kusini wa kanisa, utazame dirisha, na uwe na subira, kwani mawingu ya Baltiki hayana ratiba. Agosti hiyo hiyo kuna tamasha la muziki wa bluuzi, Augustibluus, lililoanza 1994, nalo hufanyika ndani ya kuta hizo hizo.

Hatua ya 5: Nunua shali, au usinunue, lakini ijue

Haapsalu ina shali ya lesi ya sufu iliyoanza kufumwa katika karne ya 19, wakati wagonjwa matajiri wa Urusi walipokuwa wakijaa mjini. Wanawake walikaa kando ya njia ya matembezi ya baharini wakifuma na kuuza. Uzi ni mwembamba sana, na kipimo cha zamani cha shali njema ni kwamba ipite yote ndani ya pete ya ndoa. Hupita kweli.

Nenda kituo cha lesi cha Haapsalu, ambako mafundi hufuma mbele yako. Ukitaka kununua, kagua mambo mawili. Kwanza, vinundu vidogo vya uzi vilivyojitokeza juu ya michoro, hasa ule wa maua madogo yanayoning'inia kama kengele. Pili, ukingo. Katika shali halisi, ukingo wa meno meno hufumwa peke yake kisha hushonwa kuzunguka shali kwa mkono, na ukitazama kwa karibu mshono utauona. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, na bei yake inakwenda na wiki hizo. Anayekuuzia "shali ya Haapsalu" kwa bei ya kitambaa cha dukani anakuuzia kazi ya mashine. Si dhambi kuinunua, ilimradi ujue unanunua nini.

Hatua ya 6: Shuka kwenye tope

Nyuma ya ngome, barabara zote zinateremka kwenye ghuba. Hapa ndipo Haapsalu wa pili ulipoanzia.

Wavuvi wa pwani hii walikuwa wakijipaka tope jeusi la bahari kutibu maumivu ya viungo. Daktari Carl Abraham Hunnius (1797–1851), aliyekuwa akifanya kazi hapa, hakuwadharau. Alilichunguza tope hilo, akaanza kulitumia kwa wagonjwa, na mwaka 1825 nyumba ya kwanza ya tiba ya tope ikafunguliwa. Habari zilifika St. Petersburg, na mji uliokuwa umelala tangu vita ukaamka. Mnara wa kumbukumbu ya Hunnius uko kwenye matembezi ya baharini. Kwa maoni yangu, yeye ndiye aliyeujenga mji huu zaidi ya maaskofu wote, maana bila tope kusingekuwa na veranda, shali wala lile jukwaa la mita 216.

Fuata matembezi hayo. Utafika Kuursaal, jengo la mbao la mwaka 1898 lililotobolewa nakshi kila pembe, ambako wageni walikula, walicheza dansi na kusikiliza bendi. Mbele kidogo, sanamu ya dubu mweupe imesimama ndani ya maji, kazi ya mchongaji Roman Haavamägi. Kisha kuna benchi la mawe la Tchaikovsky, mtunzi wa muziki Mrusi, lililowekwa 1940. Mtunzi huyo alikaa Haapsalu kiangazi cha 1867 pamoja na ndugu zake, akiwa kijana asiye na fedha nyingi, na akaandaa vipande vitatu vya piano alivyoviita kumbukumbu ya mji huu. Cha kwanza kinahusu magofu ya ngome uliyotoka kuitazama, na cha tatu, wimbo usio na maneno, hupigwa hadi leo na wanafunzi wa piano duniani kote. Uweke kwenye simu kabla hujafika, usikilize ukiwa umekaa pale.

Mwisho wa matembezi kuna mahali paitwapo Aafrika rand, yaani Ufukwe wa Afrika. Ndiyo, umesoma sawa. Husimuliwa kwamba jina lilitokana na waogaji waliokuwa wakijipaka tope jeusi mwili mzima. Ucheke au ununue kofia, ni juu yako. Mimi nilipiga picha na kibao nikaendelea. Leo si pa kuogelea, ni pa watoto kucheza na watu wazima kunyoosha miguu. Anayetaka kuogelea aende Vasikaholm au Paralepa, ufukwe ulio ndani ya msitu upande wa stesheni.

Karibu na hapo kuna mnara wa kutazamia ndege. Ghuba hizi za kina kifupi ni kituo kikubwa cha ndege wanaohama, na masika na vuli huja kwa maelfu. Mbayuwayu, ambaye ndiye ndege wa taifa la Estonia, akimaliza kiangazi huku huvuka Sahara kwenda kusini, na korongo weupe wanaozaliwa nchi hii hupita njia ya mashariki hadi kwetu Afrika Mashariki na mbele zaidi. Huhitaji darubini ya bei kubwa, asubuhi mapema inatosha.

Tope lenyewe bado linatibu. Hoteli za afya za mjini hulichota kwenye ghuba, hulipasha joto la nyuzi 40 hivi na kukufunika nalo kwa dakika 15 au 20, kisha unaoga na kulala kidogo. Weka nafasi mapema, nenda umevaa kaptula ya kuogelea usiyoijali, vua dhahabu na fedha zote mwilini maana tope huzibadilisha rangi, na usipange safari ndefu mara baada yake. Mjamzito, mwenye homa au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Ngozi hutoka laini, na harufu ni ya bahari iliyokaa.

Hatua ya 7: Waswidi wa pwani

Ukibakiwa na saa moja, nenda Rannarootsi Muuseum. Kuanzia karne ya 13 pwani hii na visiwa vya Vormsi, Osmussaar na Ruhnu vilikaliwa na Waswidi wavuvi na wakulima. Mwaka 1944 karibu wote walivuka bahari kukimbilia Uswidi, wengi kwa mashua. Makumbusho yao yana mashua za zamani na kitambaa cha urefu wa mita 20 kilichotariziwa na wanawake wenyewe, kinachosimulia historia hiyo kipande kwa kipande. Ndipo mahali pekee mjini ambapo historia inasimuliwa na waliofukuzwa, si na waliojenga ngome.

Hatua ya 8: Siku ya pili, kwa baiskeli hadi Rohuküla

Kodi baiskeli, rudi stesheni, shika lile tuta la reli kuelekea magharibi. Ni kama kilomita 9 tambarare.

Kwanza utapita karibu na Kiltsi, uwanja wa ndege za kivita. Mwaka 1939 Stalin aliilazimisha Estonia ikubali kambi za jeshi la Kisovieti, na mwaka uliofuata nchi nzima ikamezwa. Miaka yote iliyofuata pwani hii ilikuwa eneo la mpaka. Visiwani hukuweza kwenda bila kibali, na mashua zilihesabiwa zisije zikabeba watu kwenda Uswidi. Wanajeshi wa mwisho waliondoka Estonia Agosti 1994. Mahandaki ya zege ya kufichia ndege bado yapo, yameota nyasi mgongoni. Yatazame kwa nje, ndani kuna vyuma na vioo.

Hatua chache kutoka hapo ni magofu ya Ungru. Kabaila wa ukoo wa Ungern-Sternberg alianza kujenga kasri hili katika miaka ya 1890, na hadithi inasema alimpenda binti wa kasri la Merseburg, Ujerumani, ambaye aliapa hataondoka nyumbani kwao. Kabaila akaahidi kumjengea kasri lile lile huku. Binti alifariki kabla halijakamilika, na ujenzi ukakoma. Historia iliyothibitika ni chungu zaidi. Mwaka 1968 mkuu wa kambi ya Kiltsi aliamuru mawe ya Ungru yatumike kujaza mashimo ya njia ya kurukia ndege, na sehemu ya jengo ikabomolewa kabla ya kusimamishwa. Usipande kuta zilizobaki, hazijashikizwa.

Mwisho wa njia ni bandari ya Rohuküla. Feri za kisiwa cha Hiiumaa hutia nanga Heltermaa baada ya saa moja na robo hivi, na za Vormsi hufika kwa kama dakika 45. Vormsi unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo na baiskeli yako.

Ukija katika baridi kali kweli kweli, feri si njia pekee. Bahari ikiganda vya kutosha, mamlaka ya barabara hufungua barabara ya barafu kutoka Rohuküla hadi Heltermaa, kama kilomita 25, na nyingine fupi kutoka Haapsalu hadi rasi ya Noarootsi. Si kila mwaka hufunguliwa. Sheria zake zinashangaza ila zina sababu. Ni marufuku kufunga mkanda, ili uweze kutoka haraka barafu ikivunjika. Ni marufuku kwenda kati ya kilomita 25 na 40 kwa saa, kwa sababu mwendo huo huzusha mawimbi chini ya barafu yanayoweza kuipasua, kwa hiyo nenda polepole kuliko hapo au kasi zaidi ya hapo hadi 70. Acha mita 250 kati yako na gari la mbele, usisimame, usiingie giza likishaanza. Asubuhi ya siku unayotaka kuvuka, ulizia kama iko wazi na ni uzito gani wa gari unaoruhusiwa. Ukikuta kizuizi kimeshushwa, geuza ukakate tiketi ya feri.